Duka la Pombe Lenye Bei Nafuu na Dirisha Lisilouliza Umri

Duka hili jipya la pombe hapa Malindi limesifiwa sana mtaani kwa bei zake, na kwa upande huo sina ugomvi nalo. Rafu ni safi, chupa zote nilizozikagua zina stempu ya ushuru ya KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, na risiti hutolewa bila kuombwa, jambo ambalo si dogo katika nchi ambako pombe ya magendo imewapofusha na kuwaua watu. Tatizo ni dirisha la pembeni.

Jioni, wanafunzi wa shule za kutwa wanaporudi nyumbani, dirisha hilo huzungukwa na vijana waliogeuza sweta ndani nje na kutia tai mfukoni, ingawa suruali ni zile zile za shule. Niliwashuhudia watatu wakichanga pesa za chupa ya vodka ya mililita 250 na soda kubwa ya machungwa. Walimwaga soda kidogo mtaroni, wakatia vodka humo humo, kisha wakaondoka wakipokezana kinywaji ambacho mzazi akikiona atadhani ni soda tupu. Muuzaji hakudai kitambulisho. Aliuliza tu kama wangelipa kwa M-Pesa.

Juu ya kichwa chake limebandikwa tangazo kwamba pombe haiuzwi kwa aliye chini ya miaka 18, kama inavyoagiza Sheria ya Udhibiti wa Vileo ya mwaka 2010. Nilipomwonyesha, alinijibu, "Mama, hao wametumwa nyumbani."

Huduma ya kupelekewa kwa bodaboda ni mbovu zaidi. Nilipowaagizia wageni wangu mvinyo, mfuko ulikabidhiwa binti yangu wa kidato cha pili langoni, naye hakuulizwa lolote. Ulevi wa vijana ukitajwa huku kwetu, wengi hukimbilia kulaumu pombe ya mnazi. Sisemi kwamba mangwe, yaani kilabu cha mnazi, ni mahali pa watoto, lakini pale angalau wazee walioketi humjua kijana ni mwana wa nani, na habari humtangulia kufika nyumbani.

Nalipatia duka nyota mbili kati ya tano, kwa ajili ya stempu na risiti. Sitanunua tena hapo mpaka kitambulisho kidaiwe dirishani na langoni. Mzazi ambaye tayari ameona dalili za ulevi kwa mwanawe anaweza kupiga 1192, nambari ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, bila malipo.