Kebo ya Gitaa la Besi: Lipia Jeki na Wavu, Usilipie Ahadi ya Sauti

Karibuni watazamaji, na hasa wapiga besi wenzetu wa bendi, wa kwaya na wa studio. Leo mezani kuna kebo za kuunganisha besi na amplifaya, na tutazichana moja baada ya nyingine ili mwone fedha yenu inaenda wapi.

Jibu natoa mapema kwa aliye na haraka. Kama besi yako ni ya kawaida, unapiga jukwaani au kanisani, na unataka kebo moja ya kukaa nayo miaka, tafuta mita 6 za waya wa Canare GS-6 uliofungwa jeki, yaani zile ncha za kuchomeka, za Neutrik NP2X. Si kebo ya bei ya chini kuliko zote na si ya kifahari. Ila kila sehemu yake inafunguka, inatengenezeka, na kipuri chake kinajulikana jina. Sasa tuone sababu.

Kwanza tuondoe jambo moja linalowapotezea watu fedha. Hakuna kebo inayoongeza besi. Uzi wa E wa chini unatoa hezi 41 hivi, na B ya gitaa la nyuzi tano hezi 31, na masafa hayo yanapita kwenye kebo yoyote nzima bila kuguswa. Ukiona kwenye pakiti wameandika kebo maalumu ya besi kwa sababu shaba yake ni nene, piga hesabu: waya mwembamba wa milimita mraba 0.2 wenye urefu wa mita 6 una ukinzani wa nusu omu tu. Pikapu, yaani kile kidaka sauti kilicho chini ya nyuzi, ya besi aina ya Jazz Bass peke yake ina omu zaidi ya 7,000. Hiyo nusu omu haisikiki popote. Unene wa shaba una faida, lakini ni faida ya kutokatika.

Kinachobadilisha sauti kweli ni kapasitansi, yaani ule uwezo wa kebo kuhifadhi chaji kati ya waya wa kati na wavu unaouzunguka. Inapimwa kwa pikofaradi kwa kila mita, na watengenezaji makini huiandika kwenye karatasi ya vipimo. Mogami 2524 ina takribani 130 kwa mita. Canare GS-6 ina 160. Sommer Spirit LLX ya Ujerumani ina 52 tu. Kebo isiyo na jina haina karatasi ya vipimo, kwa hiyo unanunua gizani.

Kwa nini namba hizo ni muhimu? Pikapu isiyo na betri ni koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi, na koili ikikutana na kapasitansi inatengeneza mlima mdogo kwenye masafa ya juu, kisha baada ya mlima sauti inaporomoka. Tuchukue pikapu ya henri 4 (henri ni kipimo cha koili), na tuiwekee pikofaradi 100 za kwake yenyewe. Ukiifunga mita 6 za Spirit LLX, mlima unakaa karibu na hezi 3,900. Ukiifunga mita 6 za GS-6, unashuka hadi karibu hezi 2,400. Hapo katikati ndipo kuna ule mlio wa uzi kugonga freti, ukali wa kidole gumba unapopiga slapu, na mkwaruzo wa nyuzi mpya. Kwa hiyo tofauti ipo, na unaweza kuisikia ukiwa na nyuzi mpya na kitufe cha toni kimefunguliwa chote. Lakini ukikizungusha kitufe cha toni kurudi chini, kapasita ya ndani ya gitaa, ambayo mara nyingi ni pikofaradi 47,000, inaimeza tofauti hiyo karibu yote.

Ndiyo maana siwaambii wote wakimbilie LLX. Mpiga besi anayetaka mdundo wa mviringo unaokaa chini ya ngoma hapotezi kitu na GS-6. Wengine huupenda zaidi ule ukali uliopungua. Anayepiga slapu, au anayetaka kila noti itoke kavu na kusikika katikati ya magitaa mawili ya juu, huyo ana sababu ya kutafuta kebo ya pikofaradi chache. Na kuna njia ya kupata hilo bila gharama: fupisha. Mita 3 za GS-6 zina pikofaradi 480, wakati mita 6 za Mogami zina 780. Mtu anayefanya mazoezi chumbani akiwa na kebo ya mita 10 anajinyima sauti na nafasi kwa pamoja.

Angalieni pia pedali, vile visanduku vya sauti vya kukanyaga. Pedali ambazo zikizimwa zinapitisha sauti moja kwa moja zinaunganisha kebo ya kuingia na ya kutoka kuwa kebo moja. Mita 6 na mita 6 zinakuwa 12. Ukiweka mwanzoni pedali yenye bafa, yaani sakiti inayoipa sauti nguvu ya kupita kebo ndefu, mfano kifaa cha kutuni BOSS TU-3, kebo inayofuata baada yake haina tena nguvu ya kuukata ukali. Na kama besi yako ina betri ya volti 9 na priampu (kikuza sauti kidogo) ndani, hesabu hii yote ya pikofaradi iweke kando. Kwako kinachobaki ni uimara.

Hapo hapo kwa wenye besi za betri: jeki iwe ya mono, yenye pete moja nyeusi. Tundu la besi hizo lina mguu wa tatu, na jeki ya mono ndiyo inayouunganisha na mwili wa jeki ili betri iwake. Ukichomeka jeki ya stereo yenye pete mbili nyeusi, gitaa linaweza kukaa kimya kabisa ukadhani limeungua. Na kwa sababu hiyo hiyo, ukiiacha kebo imechomekwa usiku kucha, betri inaisha ingawa amplifaya imezimwa.

Sasa tuchane ganda. Hii ni kebo ya bei ya chini, jeki zake zimemiminwa pamoja na plastiki. Ukipitisha wembe kuzunguka ganda la nje na kulivuta, unakutana na nyuzi chache za chuma zilizozungushwa upande mmoja, na katikati yake plastiki inaonekana wazi. Kila uwazi huo ni mlango wa muungurumo wa taa, transfoma na chaja za simu. Kwangua uzi mmoja kwa ncha ya wembe. Ukiona chini ya rangi ya shaba kuna rangi ya fedha, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Inakatika upesi ikikunjwakunjwa, na sehemu iliyokwanguliwa haishiki risasi ya kulehemu vizuri.

Linganisha na GS-6. Wavu wake umesukwa, nyuzi zinapishana, na hata ukiikunja hauachi uwazi mkubwa. Mogami 2524 ina wavu wa kuzungushwa, si wa kusukwa, lakini umejaa, na chini yake kuna tabaka jeusi la plastiki yenye kaboni. Tabaka hilo kazi yake ni kuondoa ile kelele ya kebo inapokanyagwa au kuburutwa sakafuni. Wa kusukwa ni mgumu zaidi kuumenya na unavumilia kukanyagwa. Wa kuzungushwa ni laini na unalala vizuri sakafuni. Kwa studio ningechukua Mogami. Kwa jukwaa lenye watu wanaopitapita, Canare. Kebo zenye karatasi ya aluminiamu badala ya wavu ziachieni ukuta: zinafaa pale zinapofungwa na kutoguswa tena.

Hilo tabaka jeusi ndilo linalowaangusha mafundi wengi, kwa hiyo tukae hapo kidogo. Linapitisha umeme. Fundi akilimenya juujuu likabaki linagusa waya wa kati au ncha ya jeki, sauti inavuja kutoka kwenye waya kwenda kwenye wavu. Kebo inafanya kazi, lakini besi inatoka hafifu na imefunikwa, na hakuna anayejua kwa nini. Lirudisheni nyuma angalau milimita 5 kutoka pale waya wa kati unapoanza kuwa uchi. Na joto lisikae muda mrefu: sekunde mbili tatu kwa ncha, kidogo zaidi kwa mwili wa jeki kwa sababu chuma chake ni kinene. Ukichelewa, plastiki ya ndani inayeyuka, waya unahama kutoka katikati, na siku moja unagusana na wavu.

Tuje kwenye jeki, maana kebo nyingi zinafia ndani ya jeki au sentimita chache nyuma yake. Neutrik NP2X haina skrubu ya kubana waya. Ina kishikio cha plastiki chenye meno ambacho, ukikaza kofia ya nyuma, kinaliuma ganda la kebo pande zote. Inapokea kebo za unene wa milimita 4 hadi 7, na GS-6 ina 5.8, kwa hiyo inakaa sawasawa. Mtu akikanyaga kebo, mvuto unaishia kwenye ganda na haufiki kwenye lehemu. Switchcraft 280 ya Marekani nayo ni imara, chuma kitupu, lakini inabana kwa mabawa mawili ya kukunja kwa koleo: yasipokunjwa vyema hayashiki kitu, yakikazwa kupita kiasi yanakata wavu. Anayetaka kupunguza gharama aangalie Rean, ambayo ni chapa ya Neutrik wenyewe ya bei nafuu. Hiyo naipendelea kuliko jeki isiyo na jina inayong'aa dhahabu.

Dhahabu yenyewe haishiki kutu, na kwa mtu wa Mombasa, Tanga au Unguja hilo ni jambo la kufikiria. Ila inayopakwa kwenye jeki ni nyembamba mno na inalika kwa kuchomekwa na kuchomolewa. Nikeli ikififia kwa hewa ya chumvi, kitambaa chenye spiriti kidogo kinairudisha. Sitalipa mara mbili kwa ajili ya rangi.

Ukiwa dukani, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, beba vitu viwili: sumaku ndogo na multimita. Sumaku ikiganda kwa nguvu kwenye ncha ya jeki, huenda hiyo ni chuma cha kawaida kilichopakwa, na kinaweza kushika kutu. Fungua kofia ya jeki uone ndani. Kama haifunguki, jua kwamba ikikatika utakata jeki nzima na kununua nyingine. Kwa multimita ikiwa kwenye kipimo cha mlio, ncha kwa ncha ilie, mwili kwa mwili ulie, ncha kwa mwili isilie hata ukiitikisa kebo karibu na jeki zote mbili. Multimita yenye kipimo cha kapasita itakupa zaidi: weka ncha moja ya kipimo kwenye ncha ya jeki, nyingine kwenye mwili, upande wa pili wa kebo uwe huru. Kebo ya mita 6 ikisoma nanofaradi 0.78, yaani pikofaradi 780, una 130 kwa mita. Ikisoma nanofaradi 2, iache.

Na jihadharini na kebo ya spika. Kwa nje inafanana, jeki ni zile zile, ila ndani kuna nyaya mbili nene zisizo na wavu. Ukiichomeka kwenye besi inavuta muungurumo wote uliopo chumbani. Kinyume chake ni kibaya zaidi: kebo ya gitaa kati ya kichwa cha amplifaya na kabati la spika inapata joto, na ikiyeyuka ndani inaweza kuua amplifaya. Wekeni alama ya utepe wa rangi.

Kabla hujailaumu kebo, sikiliza aina ya kelele. Mkwaruzo unaokuja na kwenda ukitikisa jeki ni kebo, au ni nati ya tundu la gitaa iliyolegea. Muungurumo unaopotea unapogusa nyuzi unahusu gitaa na mazingira yake. Kebo mpya haitauponya. Jazz Bass yenye pikapu zake za awali ikinguruma unapopunguza pikapu moja na kunyamaza zote zikiwa sawa, hiyo ni tabia ya pikapu.

Kuitunza ni jambo fupi. Usiikunje kwa kuzungusha kati ya kiganja na kiwiko, kwa sababu inasokotwa upande mmoja kila siku hadi nyuzi za ndani zinakatika. Kunja duara moja la kawaida, linalofuata ligeuze kwa ndani, hivyo hivyo hadi mwisho. Na upitishe kebo kati ya mkanda na mwili wa gitaa kabla ya kuchomeka, ili ukiikanyaga uvutike mkanda, si jeki.

Ukimwagiza fundi, mpe maneno haya: mita 6 za GS-6, jeki moja iliyonyooka NP2X ya upande wa amplifaya, moja ya kona NP2RX ya upande wa gitaa kama tundu liko ubavuni au usoni mwa gitaa; lakini kama tundu limezama ndani ya mwili, zote mbili zinyooke. Mwulize bei ya waya kwa mita, bei ya jeki mbili na ya kazi, ujumlishe, kisha ulinganishe na kebo iliyo tayari ukutani. Akimaliza, kabla hajafunga kofia za jeki, mwombe akuonyeshe lehemu: iwe laini na imetandaa, si kidonge kilichokaa juu, na tabaka jeusi, kama lipo, liwe limerudi nyuma. Kisha ipime kwa multimita mbele yake, ndipo utoe fedha.