Vifurushi vya vidokezo vitatu kwa shule za Japani: nunua, lakini kagua majibu kwanza

Kwenye vipindi vya Kiingereza vya shule za msingi Japani, mchezo wa vidokezo vitatu hauishi hamu. Mwalimu anasoma sentensi ya kwanza, ya pili, ya tatu, na watoto wanakimbilia jibu. Ni kitendawili kinachotegwa kwa hatua. Tangu Aprili 2020 Kiingereza ni somo kamili lenye alama kwa darasa la tano na la sita, vipindi 70 kwa mwaka, kila kimoja dakika 45, kwa hiyo walimu wanahitaji maswali mapya karibu kila wiki, na vifurushi vya PDF na slaidi vya kupakua vimejaa tele. Tathmini yetu ni hii: vingi vina thamani kwa picha zake na kwa muda vinaookoa, lakini hatujaona cha kupeleka darasani kama kilivyo. Kiingereza chake kwa kawaida ni safi. Kinacholeta shida ni jibu lililoandikwa kwenye mwongozo.

Tazama kadi hii, ambayo hujirudia kwa sura mbalimbali: "I am in the sky. I am round. I am yellow." Mwongozo unasema jua. Mtoto wa Japani amezoea kuchora jua kwa rangi nyekundu, na mwezi kwa njano. Atajibu mwezi, na kwa vidokezo alivyopewa hana kosa hata kidogo. Mwalimu anayefuata mwongozo atamnyima pointi, na mtoto atadhani hajui Kiingereza wakati amekielewa vizuri sana. Dawa ni ndogo: toa "yellow", weka "I am very hot". Taa za barabarani nazo zina mtego wake. Taa tunayoiona ya kijani Wajapani huiita "ao", neno lile lile la rangi ya buluu, basi kadi inayouliza rangi za taa hizo itapata "blue" kutoka nusu ya darasa. Kadi hiyo ibaki, ila mwongozo umwonye mwalimu mapema, kwa sababu hapo pana somo zuri la rangi.

Mambo hayo hayo yakishikwa vizuri huwa hazina. Kidokezo "You can see me on the moon" kwa jibu la sungura kitamshangaza mgeni, lakini watoto wa Japani wanamjua sungura anayetwanga mochi (keki ya wali wa kunata) mwezini, na watacheka kwa furaha wakikisikia.

Kosa linaloongoza kwa wingi ni vidokezo visivyofunga mlango. "I am a fruit. I am red. I am sweet." Je, ni tufaha, stroberi au cheri? Yote matatu yanaingia. Kadi nzuri huanza kwa upana, hubana katikati, na cha tatu huacha jibu moja tu. Kinyume chake pia ni kosa: ukianza na "I have a long nose", tembo amekwisha kujulikana na vidokezo viwili vilivyobaki havina kazi. Uharibifu huo unaonekana zaidi pale pointi zinapopungua, yaani 3 kwa atakayejibu baada ya kidokezo cha kwanza, 2 baada ya cha pili, 1 baada ya cha tatu. Njia ya kukagua ni rahisi: funika safu ya majibu, mpe mwenzako asiyeiona kadi hiyo kabla, mwambie aandike kila jibu linalowezekana baada ya kila kidokezo. Akibaki na mawili baada ya cha tatu, kadi irudi mezani.

Halafu sarufi. Vifurushi vilivyoandikwa bila kuangalia mtaala wa Japani hupenda "It lives in water. It eats fish." Ile "s" ya nafsi ya tatu hufundishwa mwaka wa kwanza wa sekondari ya chini, mtoto wa darasa la tano hajaifikia. Ndiyo sababu kadi bora huandikwa kana kwamba kitu chenyewe kinaongea: "I live in the water. I eat fish. I can swim." Maana ni ile ile, na mtoto anaweza kuiga muundo huo akatunga kadi yake mwenyewe. Kwetu hiki ndicho kipimo cha kwanza cha ubora. Kifurushi kinachochanganya "I" na "it" ovyo kitakugharimu jioni nzima ya marekebisho.

Vifurushi vilivyotungwa na Wajapani wenyewe huheshimu mtaala, ila hunaswa na maneno ya katakana, yaani herufi za Kijapani zinazotumika kuandika maneno ya kigeni. Picha ya jengo la kawaida la ghorofa huandikwa "mansion", kwa sababu "manshon" kwa Kijapani ni nyumba ya aina hiyo, ilhali kwa Kiingereza ni jumba la kifahari. Tundu la umeme huitwa "konsento", stepla "hochikisu", na neno "baikingu", linalotoka kwa Viking, ni mlo wa kujipakulia. Pitia kila nomino yenye sauti ya Kiingereza na uitafute kwenye kamusi ya Kiingereza.

Kwa sekondari ya chini, maswali ya kuchagua ndiyo yanayotawala, na hapo kosa ni moja lenye sura nyingi: "I ( ) soccer with my friends", machaguo "play", "played", "will play". Yote ni sahihi. Mtungaji alikuwa na wakati uliopita kichwani akasahau kuongeza "yesterday".

Upande wa uchapishaji, shule nyingi hudurufu kwa wino mweusi. Swali linalotegemea rangi ya picha linakufa papo hapo, na picha zenye vivuli hugeuka madoa. Chagua michoro ya mistari. Angalia herufi pia: "a" na "g" za fonti za vitabu hazifanani na zile watoto wanazofundishwa kuandika. Kuhusu majina, waliojifunza romaji (Kijapani kwa herufi za Kilatini) kwa mfumo wa tahajia uitwao Kunrei wanaweza kuandika "Huzi" badala ya "Fuji". Mwongozo useme wazi kama hilo linapokelewa.

Na alama za kusahihishia! Kwetu ✓ ni vema. Japani jibu sahihi huzungushiwa duara, na ✓ mara nyingi huwekwa penye kosa. Mwongozo au slaidi inayotoa ✓ ya kijani kwa jibu sahihi inaweza kumkatisha tamaa mtoto aliyepatia. Badilisha zote ziwe ○, na makosa yawe ×, kabla hujagusa kitu kingine.

Kwa darasa la tatu na la nne, usinunue chochote: kitabu cha wizara cha Let's Try! 1 kina sehemu nzima ya "What's this?" na kinatosha. Kwa la tano na la sita, chukua kifurushi chenye faili unayoweza kuhariri, hata kama kina kadi chache. PDF iliyofungwa iache. Kwa sekondari ya chini, tunashauri ununue picha tu, na maswali uyatunge kutoka kwenye kitabu ambacho darasa linatumia.