Mwaka wa utarajali Mbeya: leba safi, saini za bure ziangalieni

Wadogo zangu mliomaliza shahada ya uuguzi, kila leo mnaniuliza kama utarajali, ule mwaka wa mazoezi ya kazi hospitalini baada ya chuo, mje kuufanyia huku Mbeya. Njooni, na sweta msisahau. Hospitali niliyokuwa siitaji, maana nina neno nayo, ila ni kubwa na ndani ya mwaka 1 unazungushwa karibu kila mahali: medikali, upasuaji, watoto, wazazi, dharura, thieta.

Mahali nilipoiva ni leba, wodi ya kujifungulia, zamu ya usiku. Kulikuwa na mkunga mmoja, sisi tukimwita Mama, asiyekuruhusu kushika sindano inayofuata ya magnesiamu salfeti, dawa ya kuzuia degedege, mpaka umjibu maswali yake. Mgonjwa wa kifafa cha mimba anapumua mara ngapi kwa dakika? Isipungue 16. Ukimgonga gotini, mguu unaruka? Na mkojo, kwa saa 4 zilizopita, umefika angalau mililita 30 kila saa? Moja likikosekana, dozi inasubiri. Kalsiamu glukoneti imekaa pale kwenye trei, kwa sababu ndiyo inayomwokoa mama dawa ikimzidi. Chuoni haya yote nilikariri na mtihani nikafaulu. Sasa yafanye saa tisa usiku, mgonjwa anakoroma, ndugu wanagonga mlango, na Mama amekukazia macho hasemi kitu!

Wodi ya vichanga nayo, hasa Julai, usiku nyuzijoto zikishuka chini ya 10. Mimi ni mtoto wa Makete, baridi hainitishi, lakini njiti wa kilo moja na nusu hana habari na Makete. Anafungwa kifuani kwa mama yake ngozi kwa ngozi, kofia, soksi, kitenge juu, na wewe unapima joto lisishuke chini ya 36.5. Kazi ngumu ni kumbembeleza bibi aliyekuja kutazama mjukuu asiombe afunguliwe.

Thieta nilipita tu. Nilihesabu gozi, vile vitambaa vya kufyonzea damu, nikahamishwa.

Neno langu ni hili. Wodi nyingine mtarajali ni wa kupeleka sampuli maabara na kusukuma machela. Hakuna wa kukuonyesha kitu, na ukianza kuzoea kabati la dawa, ratiba inakuita kwingine. Siku ya kuondoka, inchaji, yaani muuguzi msimamizi wa wodi, anasaini kitabu chako cha kurekodi ulichojifunza bila kuuliza unaweza nini. Changu kina saini za vitu nilivyoviona kwa mbali. Huo si mzunguko, ni kuziba mapengo ya watumishi, na atakayekuja kuumia ni mgonjwa wa kituo cha afya huko Chunya utakapopangiwa, uko peke yako na unatetemeka.

Kwa hiyo mkija, ombeni zamu za usiku leba kabla hamjapangiwa. Kila wodi mpya, siku ya kwanza, ulizeni trei ya dharura iko wapi na muifungue muone kilichomo. Na saini ya kitu ambacho hujakifanya kwa mikono yako, mrudishie inchaji kitabu, mwambie: "Shikamoo dada, hiki bado, naomba unisimamie kesho." Wengi wao watakubali.