Tianma Gouteng: dawa ya Kichina ya presha, ya chungu na ya paketi

Katika dawa zote za Kichina zinazotajwa kwa presha, hakuna inayotajwa sana kama Tianma Gouteng Yin. Wauzaji hupenda kusema ni dawa ya miaka elfu na kitu. Si kweli. Mimea yake ni ya zamani, lakini mchanganyiko wenyewe uliandikwa na daktari Hu Guangci katika kitabu chake cha 1958, wakati mashine za kupimia presha zilikuwa zimeshazoeleka hospitalini. Hilo halipunguzi thamani yake, ila ukisikia hadithi ya wafalme wa kale, jua unauziwa hadithi.

Kipimo cha siku moja ni vitu 11: tianma gramu 9, gouteng 12, shijueming 18, chuanniuxi 12, kisha zhizi, huangqin, duzhong, yimucao, sangjisheng, yejiaoteng na fushen gramu 9 kila kimoja. Jumla ni gramu 114, fungu la kujaza viganja viwili na zaidi. Duka likikupa kifuko cha kuenea kwenye kikombe cha chai na kukwambia ni dozi ya siku, umepunjwa.

Daktari wa Kichina haangalii namba za mashine peke yake. Anayelengwa na dawa hii ni yule ambaye "yang ya ini" (nguvu ya joto ya ini, kwa lugha yao) imempanda: kizunguzungu, kichwa kugonga, uso mwekundu, hasira za karibu, usingizi wa mang'amung'amu. Zhizi na huangqin zimewekwa kupoza joto hilo. Ndiyo maana mtu mwenye presha lakini miguu yake ni baridi na tumbo lake ni jepesi akiinywa huishia chooni, kisha analaumu dawa kumbe alipewa isiyo yake.

Kuichemsha ndiko wengi wanakoharibu. Kosa kubwa ni kutia kila kitu chunguni kwa pamoja. Shijueming ni gamba la abaloni, konokono wa baharini, gumu kama kigae. Lipondwe, litangulie kuchemka peke yake dakika 20 hadi 30. Mimea mingine, iliyolowekwa nusu saa, ifuate kwa moto mdogo kwa muda kama huo. Gouteng iingie mwisho kabisa, dakika 5 hadi 10 kabla ya kuepua, kwa sababu kiini chake, rhynchophylline, hudhoofika kwa kuchemshwa sana. Aliyeichemsha saa nzima amebaki na maji machungu tu. Chuja, ongeza maji, chemsha tena dakika 20, kisha changanya maji ya mara zote mbili. Upate kama mililita 400: nusu asubuhi, nusu jioni, ya vuguvugu. Chungu kiwe cha udongo au sufuria ya kauri. Ya chuma na ya alumini ziache.

Kabla ya kuchemsha, kagua ulichonunua. Tianma ndiyo ghali na ndiyo inayoghushiwa. Nzima yake ni kiazi kikavu, kigumu, chenye mistari ya vidoti inayokizunguka kama pete. Ncha moja ina chipukizi la rangi ya kahawia nyekundu lililopinda kama mdomo wa kasuku. Ncha ya pili ina kovu la mviringo kama kitovu. Ukikosa alama hizo, huenda umeshika mbatata iliyopikwa kwa mvuke na kukaushwa. Ikishakatwa vipande alama nyingi hupotea, kwa hiyo ni heri ununue nzima, uilainishe kwa mvuke na kuikata mwenyewe. Vipande vya kweli vina mng'ao wa pembe ya ng'ombe na hupitisha mwanga kidogo.

Duzhong ina mtihani mzuri zaidi. Vunja kipande cha gome, kisha vitenganishe vipande polepole: katikati hutokea nyuzi nyeupe zinazong'aa kama utando wa buibui, na huvutika kabla ya kukatika. Gome likivunjika kavu kama kuni, si lenyewe. Lile lililokaangwa kwa chumvi ni jeusi zaidi na nyuzi zake hukatika upesi. Hilo ni halali, usilitupe. Gouteng nayo iwe na ndoano zake zilizopinda. Fungu la vijiti vitupu ni vijiti tu.

Asiye na muda wa chungu hununua Tianma Gouteng Keli, ya chengachenga. Kuna paketi za gramu 10 zenye sukari na za gramu 5 zisizo na sukari; paketi moja kwa maji moto mara tatu kwa siku. Mwenye kisukari atafute maandishi 无蔗糖 (bila sukari) juu ya boksi. Kwa urahisi wa kutumia, chengachenga zinashinda mbali. Kasoro yake ni kwamba huwezi kuona kilichomo wala kupunguza zhizi ikikusumbua tumbo.

Je, inashusha presha? Maumivu ya kichwa na usingizi ndiko inakosifiwa zaidi. Kwa namba za mashine, ushahidi ni dhaifu: mapitio ya Cochrane (mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba) ya mwaka 2012 yalitafuta majaribio yanayokidhi vigezo vyao kuhusu mchanganyiko huu, hayakupata hata moja la kuingiza. Kwa hiyo inakaa pembeni ya vidonge vya hospitali, haivipindui. Aliyeacha amlodipini kwa ajili ya chungu amecheza na kiharusi.

Hapa ndipo penye mtego ambao wengi hawauoni. Zipo dawa "za mitishamba" za Kichina zinazoshusha presha waziwazi, na siri yake imeandikwa kwenye boksi kwa Kichina. Zhenju Jiangya Pian ina unga wa lulu na maua ya yejuhua (krisanthemamu mwitu), sawa, lakini kila kidonge kina pia haidroklorothiazidi miligramu 5, klonidini miligramu 0.03 na rutini miligramu 20. Mbili za kwanza ni dawa za presha za hospitali. Ukizichanganya na vidonge vyako bila kujua, presha huweza kuporomoka na potasiamu au sodiamu kushuka. Ukiacha ghafla baada ya kuzoea, klonidini hurudisha presha juu kwa kishindo. Fufang Luobuma Pian ni ya ukoo huohuo. Usidhani ndiyo chai ya majani ya luobuma; hivyo ni vitu viwili tofauti. Kwenye boksi tafuta 氢氯噻嗪 (haidroklorothiazidi) na 可乐定 (klonidini). Kidonge kisicho na boksi wala maandishi, kilichotolewa kwenye mfuko wa nailoni, kisikuingie kinywani hata kama jirani amepona.

Kwenye mchanganyiko wowote mwingine angalia gancao, yaani mzizi wa urukususi (licorice). Hutiwa kulainisha ladha, na ukitumiwa kwa wingi au kwa muda mrefu huzuia chumvi isitoke mwilini, presha ikapanda na potasiamu ikashuka. Mahuang (mmea wa ephedra) nayo hupandisha presha. Tianma Gouteng haina hata moja kati ya hizo, na hiyo ni sifa yake. Mjamzito asiiguse: yimucao na chuanniuxi huchochea mfuko wa uzazi.

Anayetaka kujua kama inamsaidia apime wiki nzima kabla ya kuanza: aketi dakika 5, mgongo umeegemea, mkono usawa wa moyo, asubuhi na jioni, mara mbili kila kikao. Wastani wa nyumbani unaotakiwa ni chini ya 135/85. Arudie hivyohivyo baada ya wiki nne. Ikifika 180/120 na kifua kikabana au mdomo ukapinda, ni hospitali saa hiyohiyo.

Kwa walio Dar, Mombasa au Zanzibar: chengachenga hunyonya unyevu haraka, zikigandamana kuwa bonge zitupwe. Tianma hupenda kuingiwa na wadudu, iwekwe kwenye kopo la kufunga kabisa, mbali na jiko.