Saruji ya glasi ayonoma ya poda na maji: krauni mpya zinapolegea

Nimeitumia saruji hii, gundi ya meno, kubandika krauni (kofia za kufunika jino) za chuma na za kaure yenye msingi wa chuma, hapa Kampala. Inashika vizuri. Krauni mpya ikichomoka ndani ya wiki, mimi humshuku aliyekoroga kabla ya kuishuku chupa.

Kipimo ni kijiko kimoja cha poda, kilichosawazishwa, kwa matone mawili ya maji yake (kimiminika cha chupani, si maji ya kawaida). Koroga sekunde 20. Tikisa poda kwanza. Chupa ya maji isimame wima kichwa chini, kwa kuwa ikilazwa tone hutoka na kiputo, mchanganyiko huwa mzito na krauni haishuki hadi mwisho. Ukiongeza tone la tatu kulegeza, umepika uji: nguvu hupungua na mate huula ukingoni.

Joto ndilo tatizo letu kubwa. Dakika 2 za kufanya kazi zinazotajwa kwenye maelekezo ni za chumba cha nyuzi 23. Kampala mchana hufika 28, Gulu wakati wa kiangazi hupita 30, na muda huo hufupika. Ndiyo maana wengi hupoza sahani ya kioo kwenye friji. Sawa, ila hewa yetu ina unyevu, na kioo kilichopoa mno hutoka jasho. Jasho hilo likiingia kwenye saruji umeshaharibu kipimo. Subiri ukungu uishe, pangusa kwa kitambaa kikavu, ndipo udondoshe. Chupa ya maji yenyewe usiiweke frijini, huwa nzito. Umeme ukikatika, koroga ya krauni moja moja tu.

Kagua mgongano wa meno kwa karatasi ya rangi kabla ya kubandika. Kausha jino bila kulibabua kwa hewa, paka utando mwembamba ndani ya krauni. Kuijaza hadi mdomoni ni kosa la kawaida: saruji inakosa pa kutokea, krauni inabaki juu, na kila tafuno inaitikisa. Mgonjwa aume pamba. Ziada iondoe ikishakuwa kama mpira. Ukiikimbilia ingali laini, unavuta na ile ya chini ya ukingo.

Krauni ikichomoka, tazama saruji ilikobaki. Ikiwa yote imo ndani ya krauni na jino ni safi, jino lilikuwa na mate, damu au mabaki ya saruji ya muda. Ikiwa imeng'ang'ania jino na krauni ni tupu, ndani hapakuandaliwa: ipulizwe mchanga wa alumina wa mikroni 50. Kwa krauni ya zirkonia (kauri ngumu isiyo na chuma) iliyokwisha kujaribiwa mdomoni, usisafishe kwa asidi ya fosforiki, kwani fosfeti huganda juu yake na kuziba nafasi ya gundi.

Nyota moja ya tathmini yangu naipunguza kwa visiki vifupi, yaani meno yaliyobaki mafupi baada ya kuchongwa. Gego lisilobakiza urefu wa milimita 4, au lililochongwa kama koni, hili si la saruji hii. Tafuta saruji ya rezini (aina ya plastiki), na kwa hiyo saruji ya muda isiwe na yujenoli (mafuta ya karafuu).

Mgonjwa apewe saa 24: asitafunie upande huo miwa, muchomo (nyama choma) wala chingamu.