TAHADHARI: Diski "mpya za boksi" za seva ya nyumbani ambazo saa zake zimefutwa

Wakuu, yeyote anayejiandaa kujenga seva ya kuhifadhi mafaili nyumbani kwa vipuri vya kompyuta za zamani, naomba asome hii kabla hajatuma hela. Kuna muuzaji wa diski anayetangaza Instagram na kwenye makundi ya WhatsApp. Anasema yuko Kariakoo, na anauza diski za 4TB na 8TB kwa jina la "mpya za boksi, mzigo wa Dubai". Nilizozipima si mpya. Ni diski zilizokwishatumika miaka, kumbukumbu ya saa zake ikafutwa, zikabandikwa lebo nyingine na kufungwa kwenye mfuko mpya wa rangi ya fedha ulioziba vizuri.

Jina la ukurasa wake silitaji. Ameshalibadilisha tangu nianze kumfuatilia, na mkilishika la leo mtampokea kwa mikono miwili akija na la kesho. Bora mjue anavyofanya kazi.

Mimi ni fundi, nawafungia watu seva hizi. Mteja wangu, mpiga picha wa harusi wa Morogoro, alikuwa na kompyuta ya ofisi ya zamani, ile ya kusimama, ina RAM ya 8GB na bado nzima kabisa. Mashine ya namna hiyo inatosha sana: unaiwekea OpenMediaVault au TrueNAS, mifumo ya bure inayoigeuza kompyuta kuwa seva ya mafaili, unaiunganisha na rauta kwa waya, na familia nzima inahifadhi picha na video sehemu moja. Kilichobaki kilikuwa diski mbili tu. Akaagiza kwa huyo bwana, akalipa kwa simu, mzigo ukaja kwa basi, akaniletea zikiwa bado kwenye mifuko yake.

Diski yoyote inayopita mkononi kwangu naipima kwanza, hata iwe imetoka dukani kwa mjomba. Nikaangalia SMART, ile kumbukumbu ambayo diski inajiandikia yenyewe. Saa za kazi: 6. Mara ilizowashwa: chache. Sekta mbovu, yaani vipande vya diski vilivyoharibika: sifuri. Mtu mwingine angeishia hapo na kufurahi. Lakini diski hizi zilikuwa za Seagate, na Seagate wana kumbukumbu ya pili ndani ya diski zao nyingi, inaitwa FARM, ambayo wengi wanaofuta SMART hawaigusi. Ya kwanza ilisoma saa 38,912. Ya pili saa 41,207.

Mwaka mmoja una saa 8,760. Diski hiyo ya pili imezunguka zaidi ya miaka minne na nusu usiku na mchana, na lebo iliyobandikwa juu inasema imetengenezwa mwaka 2023. Fanyeni hesabu wenyewe. Tena kwenye diski mojawapo namba ya seriali ya kwenye lebo haikufanana na ile ambayo diski yenyewe inaitaja ukiiuliza kwa programu. Huo si uzembe wa mfanyakazi wa stoo. Mtu alikaa chini akachapisha lebo.

Ni mchezo uleule wa gari lililorudishwa kilomita nyuma kabla ya kuuzwa, ila hapa anayepata hasara hapotezi chombo tu, anapoteza kilichomo.

Nilimpigia muuzaji nikiwa na mteja pembeni. Kwanza akasema, "Bosi, hiyo ni mpya kabisa, labda mashine yenu ina shida." Nikamtumia picha ya matokeo. Akasema FARM ni "mambo ya kiwandani". Nikamwomba risiti ya EFD ya mauzo hayo, akajibu kwamba bidhaa ikishatoka hairudi. Baada ya hapo akatublock wote wawili. Wiki haikuisha, picha zilezile za diski, kitambaa kilekile chekundu cha mezani, zikaonekana kwenye ukurasa wenye jina jipya, safari hii zimeandikwa "ofa ya seva ya nyumbani". Yaani sasa anawalenga hasa watu wanaojenga seva hizi.

Mchezo wenyewe hakuubuni yeye. Mwanzoni mwa 2025 jarida la teknolojia la Ujerumani, heise, lilifichua diski za Seagate Exos zilizokuwa zikiuzwa madukani kama mpya huku FARM ikionyesha maelfu kwa maelfu ya saa. Nyingi zilidhaniwa kutoka kwenye mashamba ya kuchimba Chia huko China. Chia ni sarafu ya kidijiti inayochimbwa kwa nafasi ya diski badala ya kadi za michoro za kompyuta (GPU); ilipoanza mwaka 2021 watu walinunua diski kwa makontena, na faida ilipokauka diski zikamwagwa sokoni. Mwaka huohuo wa 2025, Seagate pamoja na maofisa wa Malaysia walivamia ghala karibu na Kuala Lumpur na kukuta mamia ya diski zilizokuwa zikisafishwa na kubandikwa lebo upya. Kwa hiyo kampuni iliyotengeneza diski siyo ninayoilalamikia. Hata Ulaya, kwenye maduka yenye majina, watu walipigwa. Kwetu hapa, ambako bidhaa hupitia mikono mingi hadi ikufikie, msitegemee kwamba yupo aliyeikagua njiani.

Jambo linaloniumiza zaidi ni bei. Tapeli wa kizamani alishusha bei hadi ukashtuka. Huyu anapunguza kidogo tu chini ya bei ya dukani, kiasi cha kukufanya uone umepata punguzo la kawaida kwa sababu hana pango kubwa. Bei peke yake haikuonyi tena.

Na msijifariji kwamba "nitaweka mbili, moja ikifa nyingine ipo". Diski mbili zilizotoka shamba moja, zimezunguka saa zinazokaribiana, zimepigwa joto lilelile, zina kila sababu ya kufa zikifuatana. Ile ya kwanza ikifa unaweka mpya, seva inaanza kunakili kila kitu kutoka kwa iliyobaki, inasoma mfululizo kwa masaa mengi bila kupumzika. Hapo ndipo diski iliyochoka inapokata roho. Nimeshawahi kukaa na mama mmoja akilia picha za marehemu mumewe zilizopotea kwenye seva ya namna hiyo. Sikuwa na cha kumwambia. Kioo cha diski mbili, yaani diski mbili zinazoandika kitu kilekile kwa wakati mmoja, hakijawahi kuwa nakala ya akiba, na kwa diski za huyu bwana hata hicho kioo chenyewe ni cha kudhania.

Sasa jinsi ya kuzikamata. Chukua flashi, iwekee Linux ya Ubuntu au Debian inayowaka moja kwa moja bila kuisakinisha, na uhakikishe ina smartmontools, programu ya kusoma kumbukumbu za diski, toleo la 7.4 au jipya zaidi, kwa sababu matoleo ya nyuma hayajui kusoma FARM. Amri ya kwanza ni `smartctl -x /dev/sda`, ukibadilisha hiyo sda kulingana na diski yako. Linganisha modeli na namba ya seriali na zilizo kwenye lebo, herufi kwa herufi. Amri ya pili ni `smartctl -l farm /dev/sda`. Tafuta mstari wa Power on Hours. Kwa diski mpya kweli, saa za SMART na za FARM zinakaribiana na zote ni ndogo mno. Zikipishana kwa maelfu, rudisha diski mezani na uondoke.

FARM ni ya Seagate. Kwa Western Digital, Toshiba na wengine, kumbukumbu hiyo haipo, kwa hiyo macho yako yafanye kazi zaidi. Angalia meno ya SATA, pale waya za data na umeme zinapochomekwa: yakiwa na mikwaruzo mingi, diski imechomekwa na kuchomolewa sana. Angalia matundu ya skrubu pembeni, kama rangi imekwanguka au kuna vumbi ndani. Pitisha kucha kwenye kingo za lebo. Kisha ingiza namba ya seriali kwenye ukurasa wa waranti wa kampuni husika. Ukiambiwa waranti imeisha, au diski iliuzwa kwa kampuni ya kutengeneza mashine na haina waranti ya mteja, basi neno "mpya" lishuku hapohapo.

Ukienda kukagua dukani kwa laptopu, jua kwamba diski kubwa ya inchi 3.5 inahitaji umeme wa volti 12, hivyo adapta ya USB lazima iwe na chaja yake. Baadhi ya adapta hazipitishi taarifa za SMART hata kidogo. Ongeza `-d sat` kwenye amri, na ijaribu adapta yako nyumbani kwa diski unayoijua kabla hujatoka. Muuzaji mkweli atakuruhusu ukae dakika tano kwenye kona yake. Akikataa kabisa, hilo ni jibu.

Nyumbani, kabla hujaweka hata faili moja, ipige jaribio refu kwa `smartctl -t long`. Kisha kama huna kitu ndani yake ipige `badblocks -b 4096 -wsv`, ambayo inaandika na kusoma diski nzima mara nne. Hii inafuta kila kilichomo, kwa hiyo hakikisha umeandika jina sahihi la diski. Kwa 4TB itachukua zaidi ya siku mbili. Acha ichukue. Baada ya hapo tazama tena namba 5, 197 na 198 kwenye SMART, zinazohesabu sekta mbovu. Kwa mteja wangu, diski moja ilianza na sifuri na ikamaliza na sekta kadhaa zinazosubiri kuhamishwa. "Mpya ya boksi" hiyo.

Muuzaji huyohuyo, na wengine wa aina yake, wana bidhaa nyingine za kuepuka. Kuna "SSD ya nje ya 16TB" kwa bei ya chakula cha jioni: ukiifungua unakuta kadi ndogo ya kumbukumbu imegandishwa kwa gundi, imedanganywa itaje ukubwa ambao haina. Unakili mafaili, inakubali yote, halafu yakizidi uwezo wake inaanza kuandika juu ya yale ya mwanzo. Programu ya H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Linux inaiumbua. Kuna pia diski zilizochomolewa kwenye mashine za kurekodi kamera za ulinzi, zilizoandika mfululizo miaka yote, zinazouzwa kama "za NAS", yaani za seva ya mafaili.

Na kwenye ile "ofa ya seva" yake anatia pawa saplai nyepesi kama mfuko wa pamba pamoja na waya za ziada za SATA. Hapo nawaomba sana: waya za pawa saplai ambayo waya zake zinachomoka msizichanganye na za pawa saplai nyingine, hata kama plagi inaingia sawasawa. Upande wa diski unafuata kiwango kimoja, lakini upande wa pawa saplai kila mtengenezaji anapanga anavyotaka, na ukikosea volti 12 inaingia pa volti 5 na diski zote zinaungua kwa sekunde. Zile adapta za kutoka moleksi (plagi ya umeme ya zamani yenye pini nne) kwenda SATA ambazo plastiki yake imemiminwa juu ya waya nazo zimeshawasha moto. Mimi siziweki kwenye mashine ya mtu.

Nisieleweke vibaya: sina ugomvi na diski ya mtumba. Seva nyingi nilizofunga zinazunguka kwa diski zilizotumika, na muuzaji akiniambia "hii ina saa elfu ishirini, bei hii", nanunua kwa moyo mweupe, naijua, naipangia nakala ya akiba na naifuatilia. Anayeficha saa ananinyima nafasi ya kujipanga.

Aliyekwishanunua: usianze kwa kugombana, anza kwa kuhamisha mafaili yako kwenda mahali pengine leo hii. Kisha piga picha matokeo ya SMART na FARM, lebo zote, mazungumzo ya WhatsApp na ujumbe wa malipo, kabla hajakublock. Kwa Tanzania, namba ya tapeli inapokelewa na TCRA kupitia 15040, bidhaa bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani, na RB ya polisi itakusaidia ukienda kwa kampuni ya simu kuuliza kuhusu muamala. Na diski hiyo usimuuzie mwenzako bila kumwambia ina saa ngapi.

Mteja wangu hajarudishiwa hela mpaka sasa. Tumeshapeleka taarifa, na tunahitaji wengine waliouziwa na mtu huyu ili malalamiko yasiwe ya mtu mmoja. Kama una diski yenye lebo ya 2023, mfuko wa rangi ya fedha usio na maandishi yoyote, na ilipigwa picha juu ya kitambaa chekundu, ipime FARM leo, kisha weka matokeo hapa chini ukificha namba ya seriali na namba zako za simu.