Sanduku la miaka 50 la Harvest: gitaa la stili la Ben Keith ndilo la kununulia

Toleo la miaka 50 la Harvest, albamu ya mwimbaji Neil Young iliyotoka Februari 1972, liliingia sokoni Desemba 2022 likiwa katika masanduku ya aina mbili, moja la santuri na jingine la CD. Ndani yake mna albamu yenyewe ya nyimbo 10, nyimbo tatu zilizorekodiwa wakati ule zikaachwa nje, onyesho ambalo Young alilifanya peke yake BBC mjini London Februari 1971, filamu ya Harvest Time ya takriban saa mbili, na kitabu chenye jalada gumu. Wahakiki wengi humzungumzia mwimbaji na mashairi yake. Mimi nimelisikiliza sanduku hili kwa ajili ya mtu aliyeketi pembeni yake, Ben Keith, mpiga gitaa la stili, kwa sababu naamini kwamba bila yeye albamu hii ingebaki kuwa nyimbo nzuri za gitaa kavu na hamonika, wala isingekuwa na ile nafasi pana inayomfanya msikilizaji airudie baada ya nusu karne.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuliona, gitaa la stili la pedali husimama kwa miguu kama meza, nyuzi zake, ambazo kwa kawaida ni 10, zikiwa zimelala juu. Mpigaji huketi nyuma yake, akitelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi kwa mkono wa kushoto huku mkono wa kulia ukidonoa kwa kucha za kuvaa vidoleni. Mguu wa kushoto hukanyaga pedali zinazovuta nyuzi fulani, magoti husukuma nyenzo zilizo chini ya meza, na mguu wa kulia hutawala pedali ya sauti. Katika mpangilio wa nyuzi uitwao E9, ambao ndio uliozoeleka Nashville, mji wa Marekani ulio kitovu cha muziki wa country, pedali ya kwanza hupandisha nyuzi za B kwa toni nzima na ya pili hupandisha nyuzi za G kali (G#) kwa nusu toni, hivyo kwamba mpigaji anayezikanyaga zote mbili huhama kutoka kordi ya E hadi kordi ya A bila kusogeza chuma hata kidogo. Humo ndimo inamotoka ile sauti ya noti moja kukaa tuli huku jirani yake ikipanda polepole. Pedali ya sauti nayo humwezesha kudonoa uzi sauti ikiwa chini kabisa, kisha kuifungua taratibu, ili msikilizaji asiusikie mdonoo bali aisikie noti ikiwa tayari ipo. Wapenzi wa country nchini Kenya wanaijua vyema sauti hiyo, hata kama jina la ala hawalijui, kwa sababu Lloyd Green aliipiga kwenye rekodi za mwanzo za Don Williams.

Wanamuziki wa rock walikuwa wameanza kuitafuta sauti hiyo kabla ya Harvest. Lloyd Green huyohuyo na JayDee Maness walipiga kwenye albamu ya The Byrds ya mwaka 1968, Pete Drake akamsindikiza Bob Dylan mjini Nashville, na mwaka 1970 Jerry Garcia akaupamba wimbo Teach Your Children wa Crosby, Stills, Nash & Young, kundi ambalo Young mwenyewe alikuwamo. Keith hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Alizaliwa Kansas mwaka 1937, na gitaa lake ndilo linalosikika kwenye I Fall to Pieces wa Patsy Cline, wimbo uliotoka mwaka 1961. Kwa maneno mengine, Young hakumpata kijana wa rock aliyekuwa akijaribu ala ya country. Alimpata fundi wa Nashville.

Walikutana Februari 1971, Young alipokwenda Nashville kushiriki kipindi cha televisheni cha mwimbaji wa country Johnny Cash na kuitumia safari hiyo kurekodi kwenye studio ya Quadrafonic, nyumba ya zamani iliyogeuzwa studio, chini ya prodyuza Elliot Mazer. Tim Drummond alishika besi, Kenny Buttrey akapiga ngoma, na Drummond ndiye aliyemwita Keith. Inasimuliwa kwamba Keith alifika kazi ikiwa imeshaanza, akaketi kwenye ala yake na kupiga nyimbo kadhaa kabla ya yeye na Young kupata nafasi ya kujuliana hali. Jambo jingine lililoamua sauti ya siku zile ni mgongo wa Young, uliokuwa ukimuuma kiasi kwamba hakuweza kusimama muda mrefu na gitaa zito la umeme. Upasuaji aliufanyiwa baadaye mwaka uleule. Akashika gitaa kavu, Buttrey akapunguza mapigo hadi karibu pasibaki kitu, na ile sehemu ambayo kwa kawaida gitaa la umeme lingeijaza ikabaki wazi kwa mtu mmoja tu.

Namna Keith alivyoitumia nafasi hiyo ndiyo sababu ya kununua toleo hili. Msikilize katika Out on the Weekend, wimbo wa kwanza: besi na ngoma zinatangulia, gitaa kavu linafuata, hamonika inaingia, kisha stili inajitokeza kwa noti ndefu ambazo huwezi kusema zilianza lini hasa. Mpigaji mwingine wa Nashville angejibu kila mstari wa mwimbaji kwa madoido, kwa kuwa ndivyo kazi hiyo ilivyozoeleka. Keith anaushikilia mwisho wa mstari na kuuacha uzimike wenyewe. Katika wimbo Harvest anasogea karibu zaidi na desturi ya country, na anafanya hivyo kwa upole mkubwa. Katika Heart of Gold, uliofika namba moja nchini Marekani, watu hukumbuka hamonika, lakini ukiiweka kando hamonika hiyo masikioni mwako utasikia chini yake stili ikiunganisha kordi moja na nyingine. Old Man ndio ninaoupenda kupita zote: James Taylor anapiga banjo ya nyuzi sita, yeye na Linda Ronstadt wanaitikia, na kiitikio kinapopanda stili inapanda pamoja nacho, kana kwamba ni mwitikiaji wa tatu asiye na maneno.

Haya yote huyasikii kwenye spika ya simu. Santuri katika mashine ya kawaida yenye spika mbili, au CD kwa hedifoni nzuri, hukupa ule umbali kati ya sauti ya Young iliyo mbele na stili iliyo nyuma yake, na umbali huo ni sehemu ya wimbo.

Albamu si ya kiwango kimoja mwanzo hadi mwisho. A Man Needs a Maid na There's a World zilirekodiwa London na okestra ya London Symphony, na kwa masikio yangu wapiga fidla wote wale wanafanya kwa gharama kubwa kazi ambayo Keith anaifanya peke yake kwa nyuzi 10. There's a World hasa inaelemewa. Alabama na Words, zilizorekodiwa kwenye ghala la shamba la Young huko California, zinarudisha gitaa la umeme na zina nguvu ya aina nyingine.

Filamu ndiyo nyongeza yenye thamani kubwa zaidi. Inawaonyesha wakiwa ghalani wakijaribu na kurudia, inakwenda London kwa okestra, inarudi Nashville, na kwa mtu anayetaka kujua bendi hufikaje kwenye utulivu, saa zile mbili hazichoshi. Onyesho la BBC ni zuri kwa anayempenda Young akiwa na gitaa au piano tu, ila halina bendi. Aliyekuja kwa ajili ya stili asitarajie kitu humo. Nyimbo tatu za ziada ni chache mno kwa toleo linalojiita la maadhimisho, nami ningefurahi zaidi kupata majaribio ya Quadrafonic ambamo ningeweza kulinganisha alichopiga Keith mara ya kwanza na alichokubali kibaki.

Kwa hiyo, asiye na Harvest kabisa na anayependa filamu za muziki anunue sanduku, na la CD linamtosha. Mwenye santuri nzima ya zamani aitunze. Aitafute filamu peke yake akiweza. Anayetaka kumfuata Keith zaidi ana njia ndefu ya kupita, kwa sababu alibaki na Young hadi alipofariki Julai 2010. Aanze na Tonight's the Night ya mwaka 1975, ambamo stili yake ina uchungu na ukali usiosikika kwenye Harvest, kisha aende kwenye Harvest Moon ya mwaka 1992, ambamo Taylor na Ronstadt walirudi kuitikia. Mwishowe aitazame Heart of Gold, filamu ya Jonathan Demme ya mwaka 2006 iliyopigwa katika ukumbi wa Ryman mjini Nashville, kwa kuwa ndani yake Keith anaonekana wazi akiwa kazini, na mtazamaji anaweza kuyafuatisha masikio yake kwa macho.